Siku Dada Alipoigiza Mgonjwa

Mwanangu, kama ningeweza kuirudisha siku moja tu, ningeirudisha ile alasiri ya mtaani kwetu Ngamiani, mpwa wangu Zainabu aliponivuta uani akaniambia, "Mjomba, daktari kasema mama haponi. Tusimwambie." Nikakubali. Nilijiona mwenye busara, mtu niliyefika kidato cha nne. Kumbe nilikuwa naogopa tu.

Mama yake Zainabu ni Mwanakombo, dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Tukamwambia ana vidonda vya tumbo.

Haukupita muda, vijana wa Chumbageni wakaja mtaani kutafuta bibi wa kuigiza kwenye filamu yao: mwanamke mzee anayeumwa, anayewaita ndugu zake waagane. Dada akasema, "Mimi hapa." Tungemkataza kwa sababu gani?

Ilikuwa raha kumtazama, mwanangu. Alivaa kanga zake mwenyewe, akajilaza kama malkia. Kijana wa kamera akamwomba, "Bibi, kohoa zaidi kidogo."

"Nikohoe zaidi nife kweli, unizike na hiyo kamera yako?"

Nyumba nzima ikacheka.

Ikafika sehemu ya kuombana radhi. Aliyepangwa kuigiza ndugu yake alikuwa hajafika, wakanikalisha mimi. Desturi yetu unaijua: mgonjwa akikuomba radhi unamwambia umemsamehe, nawe unamwomba yake, ndipo aondoke mwepesi. Dada akanishika mkono.

"Salehe, ule mtungi wa mama, ambao wewe ulichapwa kwa ajili yake, niliuvunja mimi. Nisamehe, mdogo wangu."

Maneno hayo hayakuwa ya filamu. Mtungi ule ulivunjika kweli, utotoni mwetu. Hapo nikajua kwamba anajua. Kumjibu kulikuwa kukiri kwamba anakufa, na Zainabu alikuwa amenikazia macho pale mlangoni. Nikacheka. "Acha utani, dada. Vidonda vya tumbo haviui."

Akanitazama, akauachia mkono wangu, akamgeukia kijana wa kamera. "Huyu hajui kuigiza. Leteni mwingine."

Baada ya hapo nikakimbilia shambani Maramba, nikijidanganya kwamba nikikaa sana kitandani pake atashtuka. Alifariki nikiwa huko. Filamu ilipoonyeshwa mtaani watu walilia, nami nikasimama kichwa juu: huyo ni dada yangu, aliyekitazama kifo usoni huku akitutania. Namwonea fahari mpaka leo. Mwoga nilikuwa mimi.

Mzee wako akiugua, mwanangu, usimfanye mtoto. Mwambie ukweli kwa upole, kisha ukae naye. Akikuomba radhi, mpe palepale, hata kama watu wanatazama. Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kusamehe, na wakubwa zako waondoke mikononi mwako wakiwa wameridhika.

Mimi mtungi ule nilishausamehe zamani. Lakini dada yangu alikufa hajanisikia nikisema hivyo, nami radhi yake sikuiomba.