Barua Niliyoandika kwa Kidole Kimoja

Aliyetuibia sisi hakuvunja mlango wala hakushika panga. Alivaa tai hata Jumamosi, na alikuwa na ofisi ya simu, faksi na kompyuta nyuma ya soko la Voi. Jina lake watoto wangu wamenikataza kuliandika, lakini watu wa Voi wa umri wangu wanamjua, na yeye mwenyewe akisoma hapa atajijua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nashuka kutoka kwetu mlimani Sagalla kuuza pojo, hizi wengine mnaziita choroko. Shule niliachia darasa la tano ili mdogo wangu aendelee, na sijutii, kwa sababu aliendelea mpaka akapata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Barua ya posta ilikuwa inachukua wiki tatu. Huyo bwana akasema siku hizi kuna imeili, inafika leo leo. Akanifungulia akaunti, paswadi akachagua yeye, akaikalia yeye. Mimi nilisimama nyuma yake nikisema, yeye anapiga. Majibu yakija alinisomea kwenye kioo cha kompyuta. Karatasi ya nini, mama pojo, aliniambia, na kusoma kwenyewe ni vita? Nikacheka naye. Kicheko hicho kinaniuma kuliko wizi wenyewe.

Kwetu barua inaanza na salamu, mtu mmoja mmoja, kuanzia Bibi mpaka jirani wa bondeni. Hilo lilimchosha sana. Alikuwa akipumua kwa nguvu nikianza kutaja watu.

Bibi akafariki. Nikashuka, nikamwandikisha huyo bwana habari hiyo kwa mdogo wangu. Wiki mbili baadaye nilirudi kuona jibu, nikakuta amesafiri Mombasa. Ofisini alikuwapo mpiga chapa wake, mama mmoja wa Kiislamu, mtu wa maneno machache. Paswadi yangu ilikuwa imebandikwa ukutani kwa selotepu, mtu yeyote aione. Akafungua, akasoma kimya, kisha akatoa karatasi kwenye printa.

"Mwanangu, hii isome mwenyewe," akasema. "Polepole. Mimi nipo."

Nilisoma nikifuata kwa kidole. Mdogo wangu alikuwa ameandika: juzi umeniambia tumemzika Bibi, leo unaniandikia Bibi ananisalimu sana. Ni nani ananiandikia? Halafu chini: yule binamu uliyesema nimwombee barua ya mwaliko, nilishapeleka jina lake chuoni kabla sijashtuka, wanaitoa Ijumaa. Jina lilikuwa la mwenye ofisi.

Si binamu yetu kwa upande wowote. Alitaka kupata viza na kupanda ndege kwa mgongo wa mdogo wangu. Akachukua barua yangu ya zamani, akapachika uongo wake katikati, na salamu akaziacha kama zilivyo kwa uvivu, ilhali habari ya msiba aliipiga kwa mikono yake mwenyewe. Chuo kikigundua, mtoto wetu anafukuzwa. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Yule mama akajitolea kunipigia jibu. Nikamwambia hapana, anionyeshe herufi zilipo tu. Nilikaa karibu saa mbili, kidole kimoja. Wateja wakajaa nyuma yangu, mmoja akauliza kama naandika Biblia nzima. Niliandika: usitoe barua, huyo ni mwizi. Lakini ataaminije, na mwizi pia alitumia jina langu? Nikafikiri, nikaongeza kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Mtungi wa Bibi niliuvunja mimi. Ulichapwa wewe, nikanyamaza.

Alhamisi jibu likaja. "Nilijua ni wewe. Barua nimeizuia."

Sasa hivi vijana wanaliwa pesa kwenye simu kila siku, wanafikiri ni mambo mapya. Chombo ndicho kipya. Mwizi ni yule yule anayejitolea kukushikia ufunguo. Paswadi yako usimwachie mtu, hata akivaa tai. Na ndugu yako akikuomba jambo geni, muulize kitu ambacho hakijawahi kuandikwa popote. Haya sikufundishwa na mwalimu yeyote.

Wakati ule, askari niliyempelekea karatasi yangu alinirudishia akicheka, akaniuliza kwani nimeibiwa nini, mbona haoni kilichopungua. Basi Jumamosi nikaenda mwenyewe. Bwana alikuwa amerudi, ofisi imejaa watu. Nikasoma karatasi ile kwa sauti, neno kwa neno, na nilipokwama hakuna aliyecheka. Akasema kompyuta huwa zinachanganya barua. Mpiga chapa wake akaweka miwani mezani, akamtazama tu.

Bwana akaniuliza, sauti chini, "Kwani wewe umejua kuandika lini?"

"Juzi."

Nikamwambia asimame. Nikakaa kwenye kiti chake, yule mama akanifungulia mahali pa kubadilisha paswadi.

"Geuka uangalie ukuta," nikamwambia.

Akageuka. Akasimama hivyo mpaka nikamaliza, na mimi sikuwa na haraka.