Nilishuka kwenye gari mara kumi na moja kati ya Elburgon na Longonot kwa sababu ya mama mkwe

Wakuu, salamu kwenu. Mimi huwa nasoma tu humu na kuondoka. Shule niliachia kidato cha pili na kuandika si kazi yangu, lakini hii nitaieleza vile ilitokea, hata pale inaponiaibisha.

Mimi ni dereva wa lori ya mbao hapa Elburgon. Mke wangu alifariki mwaka jana. Aliniachia mtoto mmoja, Nafula, ana miaka kumi.

Likizo ya August mama mkwe alikuja kututembelea kutoka kwao magharibi. Kwa wale hawajui, kwetu mwanaume na mama mkwe wake huheshimiana sana. Hamsalimiani kwa mkono, hamli pamoja, na hamkai kwenye nyumba moja yenye kitanda. Kwa hivyo alikuwa analala kwa jirani.

Hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Miaka yote mtu huyo alikuwa mke wangu. Alipoondoka, kazi ikamwangukia Nafula. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Shemeji yangu, ndugu ya marehemu, alikuwa ameninong'onezea kwamba mathe, yaani mama yao, anataka kurudi kwao na Nafula. Alikuwa ameshaulizia nafasi kwenye shule ya huko. Mimi alikuwa hajaniambia.

Shemeji huyo hufanya kazi ya watalii. Akaniletea gari ya kulala, hizi zinaitwa campervan. Ndani kuna kitanda, jiko ya gas, sinki, mpaka pazia. Akasema, "Mpeleke mathe Longonot, aone mlima, akae na nyinyi weekend. Atalegea."

Nikaona ni idea nzuri. Mambo ya kitanda hata hayakunipitia kwa akili.

Jumamosi saa moja asubuhi mama mkwe alifungua mlango wa ile gari, akachungulia, akarudi nyuma hatua tatu.

"Nafula, mwambie baba yako hii si gari. Hii ni nyumba."

"Baba, kukhu anasema ni nyumba." Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Mwambie iko na magurudumu."

"Mwambie hata nikifunga jikoni yangu magurudumu itabaki jikoni."

Wakuu, tulibishana nusu saa hivyo, watu wawili, kila mmoja amesimama mita tatu kutoka kwa mwenzake, mtoto katikati akigeuza shingo. Mwishowe mama mkwe akatoa hukumu. Ikitembea ni gari, tunaweza kuwa ndani sote, yeye nyuma ya pazia. Ikisimama ni nyumba, kwa hivyo mimi nitoke.

Nikadhani ni mzaha.

Kabla ya Njoro ng'ombe wakavuka barabara. Nikasimama. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia kikohozi. Nikaweka handbrake, nikashuka, nikasimama katikati ya ng'ombe. Mchungaji akaniangalia.

"Boss, umekuja kusaidia?"

Nakuru kulikuwa na jam. Nilishuka mara saba. Magari yakisonga mita kumi naruka ndani, yakisimama naruka nje. Conductor mmoja akaniuliza kama nafanya mazoezi. Nikajaribu kukwepa kwa kupitia Milimani, nikakutana na geti limefunguliwa nusu na mtu anarudisha gari nyuma polepole kama bibi harusi. Nikashuka tena.

Mbele ya Nakuru tukakuta polisi. Afande aliinua mkono, nikasimama, nikatoka mbio.

"Wewe! Unatoroka gari?"

"Hapana afande. Ni mama mkwe yuko ndani."

Akachungulia. Akaona kitanda, akaona mama wa watu amekaa wima na mkoba kwenye magoti. Akarudisha license yangu bila kuifungua.

"Aki pole. Hata mimi ni wa magharibi, najua. Enda tu."

Hapo nilikuwa nimechoka kabisa. Safari ya masaa matatu, sasa ilikuwa saa nane mchana na Gilgil hatujafika. Nilikuwa na hasira na gari, na shemeji, na nitasema ukweli, nilikuwa na hasira na marehemu pia. Angekuwepo angecheka na haya yote yangeisha.

Tulipokaribia Gilgil lori ilikuwa imeanguka mbele, magari hayaendi. Na mvua ikaanza. Nikasimama nje kando ya mlango wangu nikinyeshewa, maji yanaingia kwa viatu.

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi kidogo. Nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Nafula, mwambie baba yako Jumatatu nitaondoka na wewe."

Nilisikia kila neno. Lakini kwa heshima yetu, neno halijanifikia mpaka liletwe. Kwa hivyo nikangoja liletwe.

Halikuletwa.

"Nafula, hujanisikia?"

"Nimesikia, kukhu."

"Basi mwambie."

"Sisemi. Hilo neno linanihusu mimi. Ambianeni wenyewe." Halafu akaanza kulia. "Ni mama alikuwa anabeba maneno yenu. Mimi siwezi."

Wakuu, nilisimama pale kama nguzo ya stima. Miezi yote hiyo nilikuwa namtuma yule mtoto, mwambie kukhu hivi, mpigie kukhu umwambie vile, na sikuwahi kuona mzigo.

Nikaenda mpaka kwa lile dirisha. Nikageuza uso kwa barabara ili nisimwangalie mama, nikasema mwenyewe.

"Mama, naomba mtoto abaki."

Nikaona nikiomba bila kusema ukweli ni kama kuiba. Nikamwambia kwamba siku tatu kwa wiki nalala njiani na lori, na Nafula hulala kwa jirani. Nikamwambia kuhusu siku jirani alisafiri bila mimi kujua, nikarudi usiku nikamkuta mtoto ameketi mlangoni na uniform, hajala tangu lunch ya shule. Hiyo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Mvua ilikuwa inapiga bati ya gari. Kisha nikasikia sauti yake, na haikuwa inapitia kwa mtu.

"Baba Nafula. Utaiacha hiyo lori?"

"Nitaiacha."

"Lini?"

Mbele magari yakasonga. Nyuma wakaanza kupiga honi. Dereva mmoja akatoa kichwa, "Boss, unaongea na dirisha?" Nikampungia mkono apite.

"Jumatatu, mama."

"Nafula, na wewe unasemaje?"

"Nataka kukaa hapa. Lakini baba awe nyumbani jioni."

Mama akafunga lile dirisha nusu. Halafu akasema, "Ingia uendeshe, utashikwa na homa."

Longonot tulifika saa kumi na moja. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, hatukuona kitu. Nililala kwenye hema ya kukodi.

Jumatatu mama mkwe aliondoka peke yake. Mimi nilirudisha funguo za lori, sasa napima mbao pale yard. Kazi haina heshima kama ya barabara, lakini saa kumi na mbili niko nyumbani. Mama hajaongea nami moja kwa moja tena, na mimi simlaumu. Akiwa na neno humpigia shemeji, naye ananipigia. Nafula akipiga simu kwa kukhu siku hizi ni ya kuongea mambo yake, ya shule na paka.

Nilichojifunza ni kwamba heshima sitaitupa, ni ya wazee wangu. Ila mtoto asipewe kubeba neno linalomhusu yeye mwenyewe.

Wenye walifiwa na mtu aliyekuwa katikati yenu na wakwe, nyinyi mlimweka nani hapo? Niambieni, hata kama ni kunikosoa. Nitasoma zote.