Kitanda cha Mlango

Mtaani walimwita Mama Okoteza, na kilichomkera si Okoteza. Kuokoteza alikuwa anaokoteza kweli, mchana kweupe, wala hakuona haya kuinama kwenye rundo la takataka mbele ya watu waliovaa viatu vya kung'aa. Neno lililomchoma ni lile Mama, kwa sababu hakuwa na mtoto, na waliompachika jina walilijua hilo.

Kazi yake ilikuwa kwa dobi, kwenye meza ya pasi. Alinyoosha mashuka ya hoteli na mashati ya wenye ofisi zao, amesimama tangu asubuhi mpaka miguu inavimba. Shuka likichanika hoteli ililikataa, naye alilikunja vizuri akaondoka nalo. Vifungo vilivyong'oka na kukosa mwenyewe alivitia kwenye kopo. Wenzake walimcheka. "Chekeni tu, meno ni yenu," aliwajibu, akaendelea na pasi.

Yote hayo aliyafanya kwa ajili ya mtoto mmoja. Kaka yao kitinda mimba alikuwa amefariki na kuacha binti mdogo, ambaye mama yake naye alikuwa ametangulia. Dada mkubwa alikuwa na watoto sita na nyumba iliyojaa pomoni. Mama Okoteza alikuwa analala chumba kimoja na wafanyakazi wenzake wawili. Basi afisa wa ustawi wa jamii akampeleka mtoto kwenye makao ya watoto, akasema siku shangazi mmoja akipata mahali pa kumweka, waje waongee. Mahali pa kumweka! Mtoto si gunia la mkaa. Lakini Mama Okoteza alielewa, akalia njia nzima, kesho yake akaanza kutafuta nyumba.

Alipata vyumba viwili vitupu, tena vitupu hasa, maana mpangaji aliyehama alikuwa ameng'oa hata balbu. Kodi ilipokwisha kulipwa hakikubaki cha kuendea duka la samani. Ndipo alipoanza kutembea macho yakiwa chini.

Alikuwa na taratibu zake. Kitu alichookota hakikuingia ndani siku hiyo. Kililala uani kwanza, kikamwagiwa maji ya moto, kikasuguliwa kwa sabuni ya kipande, kikaanikwa juani mpaka kunguni wa mwenye nacho wa zamani wawe wameaga. Kisha alikipiga msasa na rangi, ila kila kimoja alikiachia sehemu ndogo bila kuigusa. Dawati la shule lililogeuka meza lilibaki na majina ya watoto waliolichora kwa ncha ya bikari. "Kisionee aibu kilikotoka," alisema. Mashuka aliyachovya kwenye rangi ya njano yakawa mapazia. Kioo kilichomeguka pembeni alikizungushia vile vifungo, vya kila rangi, na kikawa ndicho kitu ambacho wageni walikigusa kabla hata ya kuketi.

Kitanda cha mtoto alikiunda kwa mlango wa nyumba iliyobomolewa. Ulikuwa mbao ngumu, mzito kama deni. Aliulaza juu ya makreti ya soda, akaukaza kwa boliti, na tundu la kitasa akaliacha wazi upande wa miguuni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kubomolewa kwa nyumba si mwisho wa mlango.

Dada mkubwa alipokuja kutazama alinyamaza kimya, jambo ambalo kwake ni dalili ya homa. Kisha akasema, "Mdogo wangu, serikali itampa mtu mtoto akamlaze juu ya mlango?"

"Kuna godoro, dada."

"Hata yawe matatu. Mlango watu wanapigia hodi, hawaulalii."

Alimpenda mdogo wake, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu mapenzi ya dada yule hayakujua kubisha hodi. Siku ya ukaguzi, ambapo afisa angekuja na mtoto mchana, Mama Okoteza alikwenda kazini kumalizia mashuka ya asubuhi, akiwa ameomba ruhusa ya kutoka mchana. Dada alikuwa na ufunguo wa akiba. Alikuja na wanawe na mkokoteni, akatoa kila kitu uani na kukifunika turubai. Ndani akaingiza makochi yake mapya, ambayo hata mumewe alikuwa hajaruhusiwa kuyakalia, nailoni ya dukani bado iko juu. Akaingiza meza ya kioo. Akaingiza kitanda cha chuma cha binti yake. Akaingiza runinga kubwa ya jirani, ambayo isingeweza kuwashwa, kwa sababu jirani alitoa runinga akabaki na rimoti.

Mama Okoteza alifika wakati afisa anashuka garini, amemshika mtoto mkono. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza lolote. Waliingia pamoja, na mwenyeji akaishangaa nyumba yake sawa na wageni. Dada akamkonyeza, maana yake nyamaza, nimeshakuokoa.

"Shikamooni," mtoto aliwaamkia shangazi zake wote wawili kwa mpigo mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Kaa," dada alimjibu.

Hakukaa. Alitazama kochi, akatazama viatu vyake, akasimama kando ya ukuta mikono nyuma. Afisa, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliketi, na nailoni ikalia chini yake.

"Nyumba nzuri," alisema, bila furaha yoyote. Akamgeukia mtoto. "Umepapenda?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea kuitikia kila kitu.

Mama Okoteza aliogopa. Akinyamaza, huenda akapewa mtoto. Akisema, afisa ataona amechezewa, na faili litafungwa. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Kesho dada atavifuata vitu vyake, na mtoto ataamka tena kwenye nyumba asiyoijua. Alikuwa ameshahamishwa vya kutosha.

"Afisa, hivi si vyangu," alisema. Dada akamfinya. "Nifinye tu, dada, lakini si vyangu. Vyangu viko uani."

Walitoka wote. Alipofunua turubai, afisa aliinama, akagonga ubao, akautikisa mlango ule kwa mikono miwili. Haukuyumba.

"Nani ameunda?"

"Mimi."

"Sasa kwa nini umevificha?"

"Ni mimi, afisa," dada alidakia, na machozi yalikuwa karibu. "Yeye hakujua. Niliona aibu kwa niaba yake."

Afisa aliwatazama ndugu wale kwa zamu. "Virudisheni ndani nivione," akasema.

Ikawa kazi ya mbele na nyuma, vya dada vikitoka, vya mdogo wake vikiingia. Afisa mwenyewe alivua saa akashika upande wa kitanda, na mtoto, bila kutumwa, akabeba kigoda. Walipofika chumbani na kitanda Mama Okoteza aliuliza, "Tukiweke wapi?"

Mtoto aligeuka nyuma kuona ni nani anayeulizwa.

"Wewe," shangazi yake alimwambia. "Si ndiye utakayelala?"

Kule makao vitanda vilikuwa na namba, na aliyefika alipewa kilichobaki. Mtoto alikizunguka chumba. "Pale," akasema, akionyesha ukutani. Wakakiweka. Akakitazama. "Au dirishani." Wakakihamisha.

"Mgongo wangu si mkokoteni," dada alinong'ona, lakini hakuachia upande wake.

Mtoto alikaa juu ya kitanda, akachungulia sebuleni, palipokuwa na godoro la shangazi yake, akasogea, akachungulia tena. "Hapana," akasema. "Kiwe huku. Hapa usiku nitamwona shangazi akiwa kwake."

Wakakihamisha mara ya tatu. Hakuna aliyenung'unika. Afisa alijifuta jasho, akatoka mpaka kwenye gari, akarudi na begi dogo la mtoto.

"Nilikuja nalo nikaliacha garini," alimwambia Mama Okoteza. "Huwa silitoi mpaka nione mtoto amepata kwake. Karatasi tutazimalizia ofisini."

Mtoto alilipokea begi mwenyewe, akapiga magoti, akalisukuma chini ya kitanda mpaka likagusa ukuta.