Waliosimama Uani kwa Natalia

Mwaka 1974, msimu wa kupanda ukikaribia, ilitangazwa rasmi kwamba katika Tanzania ya Ujamaa hakuna mwananchi atakayeishi peke yake. Tangazo lilitolewa kwa kipaza sauti kwenye uwanja wa shule, upande wa Maretadu, na mjumbe aliyetoka wilayani. Alifafanua kwamba upweke ni mabaki ya maisha ya kutawanyika milimani, na kwamba binadamu akisogezwa karibu na binadamu mwenzake upendo huja wenyewe, pamoja na zahanati na maji ya bomba. Wananchi walipiga makofi. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea upande mwingine, kwa hiyo waliokaa nyuma walipiga makofi bila kusikia, jambo ambalo halikupunguza nguvu ya makofi yao.

Natalia hakupiga makofi. Alilisikiliza tangazo hilo akiwa amesimama peke yake ng'ambo ya korongo, kwa sababu wakati huo hakuruhusiwa kuchangamana na watu.

Alikuwa kwenye metimani. Asiyetoka Mbulu aelezwe kwa kifupi: kwa Wairaqw wa mila ya zamani, kifo kikiingia katika nyumba, nyumba hiyo hutengwa. Wenye nyumba hawaingii kwa mtu na mtu haingii kwao. Hawapeani mikono na yeyote, hawateki maji pamoja na wengine. Kifo huhesabiwa kuwa kitu kinachoganda kama tope, na jirani anaweza kukibeba kwa mguu mpaka kwa wanawe. Muda ukitimia wazee huja, huchinja kondoo, watu hula na kunywa, na aliyetengwa anakuwa mtu tena.

Kwa Natalia kifo kilikuja mara mbili katika masika moja. Kilianza na mumewe, Amnaay, aliyekwenda kwa ugonjwa wa kifua. Kikarudi kwa mtoto wao wa pekee, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kubeba kibuyu, kwa surua. Wazee waliona kwamba mambo ya namna hiyo hayaishi upesi. Wakasema: mpaka mavuno ya pili.

Mtu anayetafuta mfano wa ukatili wa wapagani angeweza kuishia hapa na kuandika ripoti yake. Akikaa mpaka asubuhi angeharibu ripoti. Kila asubuhi mzee Tluway, mkubwa wa ukoo wa Amnaay, ambaye aliwahi kuingia kanisani mara moja tu akimtafuta ndama, alisimama kwenye tuta la shamba lake na kupaza sauti kuelekea tembe la Natalia.

"Natalia! Umeamka?"

"Nimeamka, baba! Shikamoo!"

"Marahaba! Umekula?"

"Nimekula!"

"Muongo wewe! Moshi sijauona!"

Basi Natalia akazoea kuwasha moto mapema, hata siku ambayo hakuwa na cha kupika, ili mzee auone moshi na aende zake kwa amani. Alipokwenda mtoni kuchota maji sehemu yake ya chini, alirudi akakuta shamba lake limelimwa mistari kadhaa na waliolima hawapo. Kwenye ua wa minyaa aliachiwa kuni, na pembeni yake kibuyu cha maziwa. Ilikuwa kama kutunzwa na watu ambao wamekufa wao, wewe ukabaki.

Siku moja alichoka.

"Baba, sogea kidogo basi. Sauti imenikauka."

"Sogea wewe, kwa nyuma! Mimi nina wajukuu."

"Kwani mnanichukia?"

"Nani kakwambia? Tunakuogopa. Si kitu kimoja."

Jibu hilo Natalia alilala nalo. Halikumpa joto, lakini hakuweza kusema kwamba limemdanganya.

Upande mwingine kulikuwa na Wakristo. Natalia mwenyewe alikuwa Mkristo: alibatizwa akiwa msichana, akajifunza kusoma kwa katekisimu, kisha akaolewa kimila na Amnaay ambaye hakuwa na mpango wa kubatizwa. Kwa kosa hilo alizuiwa sakramenti, na kwa miaka yote ya ndoa alikaa benchi la nyuma la kanisa dogo la kigango, karibu na mlango, mahali penye hewa nzuri. Amnaay alipokwisha kuzikwa, katekista Didas alipita njiani na kumpa pole.

"Dada Natalia, Mungu ana njia zake," alisema. "Sasa kile kizuizi kimeondoka."

Kizuizi alikuwa Amnaay.

"Na usitishwe na hayo mambo ya metimani," Didas aliendelea. "Sisi hatuna hofu hiyo. Kristo ameshinda kifo."

"Asante, katekista. Karibu ndani upumzike."

"Wakati mwingine," alisema Didas, ambaye wakati wote huo hakuwa ametoka barabarani.

Hata hivyo Natalia aliyashika maneno yale. Kwa mtu ambaye hajaguswa na mkono wa mtu tangu masika, watu wanaosema hawana hofu ni watu wa kusubiriwa. Alichotaka hakikuwa kikubwa: mtu mmoja aingie nyumbani kwake, aketi kwenye kigoda, ale.

Kwa hiyo operesheni ya vijiji ilipofika kwenye mlima wao, Natalia huenda ndiye pekee aliyeifurahia. Mgambo waliletwa kutoka tarafa nyingine. Hawakujua habari za metimani, wakabeba vyombo vyake kwa mikono yao na kuvirusha kwenye lori. Majirani walipoona hivyo walikataa kupanda lori hilo, wakatembea kwa miguu na mizigo kichwani. Afisa aliyesimamia aliandika kwamba wananchi wana ari kubwa kiasi cha kukataa usafiri. Matembe yalibomolewa ili mtu asirudi. Nguzo na miimo ya milango ilipelekwa kujengea ghala la kijiji.

Nyumba mpya zilipangwa kwa mstari, mlango kwa mlango. Natalia aliwekwa katikati ya Wakristo: kulia kwake Didas, kushoto Filomena, mwimbaji wa kigango na mama wa watoto wengi. Tluway na wenzake walipangwa mwisho wa mstari, karibu na malisho. Kwa mara ya kwanza tangu msiba Natalia alilala akisikia mtu mwingine akikohoa. Alikifurahia kile kikohozi.

Jumapili ya pili aliwaalika. Alisimama penye benchi lake la nyuma, ambalo sasa alilikalia peke yake, akaomba ruhusa, akasema angependa kigango kimtembelee baada ya ibada. Didas alishukuru kwa niaba ya wote. Natalia akachinja kuku, akasonga ugali, akaazima vigoda kwa kumwomba Filomena aviweke uani ili avichukue mwenyewe.

Walikuja kweli, tena wengi. Walisimama uani, wakaimba nyimbo tatu nzuri. Didas akasoma somo la mjane wa Naini, akahubiri juu ya upendo mpaka watoto wakaanza kukaa chini. Kisha Natalia akafungua mlango.

"Karibuni ndani. Chakula kipo."

Watu wakamwangalia Didas. Didas akaangalia jua.

"Tungependa sana, dada. Ila leo tumefunga."

Wakaondoka wakiimba. Natalia alimla yule kuku peke yake, siku baada ya siku, mpaka akamchukia.

Kesho yake alimkuta Filomena ng'ambo ya ua akianika nguo.

"Filomena, Jumapili siku hizi mnafunga?"

"Ilikuwa ni kwa nia maalumu."

"Nia gani?"

Filomena alitafuta kibanio. "Nia yako," akasema.

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na kitoto kichanga mgongoni, na wakati wote wa mazungumzo alikaa upande, ili mgongo usielekee kwa Natalia.

Mwaka ukapita, mavuno ya pili yakafika. Natalia akaenda mwisho wa mstari, akasimama mahali panapostahili, akaita.

"Baba Tluway! Muda umetimia!"

Mzee alitoka, akajikuna shingo. Ilionekana alikuwa ameingojea siku hiyo bila raha.

"Umetimia, ndiyo. Kondoo yupo, pombe itapikwa. Tatizo ni mlango."

"Mlango gani?"

"Metimani inatolewa pale ilipoingilia. Iliingia kwa mlango wa kule juu. Na mlango umebebwa na serikali."

Wote wawili walitazama upande wa ghala. Miimo ya tembe la Amnaay ilikuwa mle, mahali fulani, imeshikilia mahindi ya umma. Hakuna mzee aliyewahi kukutana na jambo la namna hiyo. Wafu walikuwa na utaratibu wao, na haukuwa umetarajia mgambo.

Walikaa kikao. Baadhi walisema itolewe hapahapa, mlango ni mlango. Wengine walisema hapo kifo kitacheka. Mwishowe Tluway alikwenda ofisini kwa katibu wa kijiji, kijana aitwaye Halfani, Mwislamu wa Tabora, ambaye alikuwa ameletwa kusimamia kwamba hakuna mtu anayerudi kwenye mahame ya mlimani.

"Mzee, kule ni marufuku," alisema Halfani.

"Najua, mwanangu. Ndiyo sababu nimekuja kuuliza."

"Mnataka kujenga?"

"Mlango tu."

"Mlango bila nyumba?"

"Na kondoo mmoja."

Halfani alifunga daftari lake. Tangu afike alikuwa akila chakula chake peke yake, kwa kuwa kila mtu kijijini aliamini kwamba Mwislamu ana masharti yake ya chakula na ingekuwa kumkosea heshima kumkaribisha. Aliuliza huyo mama ametengwa tangu lini. Akaambiwa.

"Ijumaa naenda kuswali Dongobesh," akasema. "Narudi jioni. Nisichokiona siwezi kukiandikia taarifa."

Ijumaa hiyo wakapanda. Tembe lilikuwa shimo lenye nyasi. Walisimika nguzo mbili pale palipokuwa na mlango, wakalaza mti mmoja juu. Natalia akapita kwenda ndani, ambako hakukuwa na ndani, akasimama pale alipokuwa akilala mtoto wake. Kondoo akachinjwa. Tluway akasema maneno yanayosemwa, akapita kati ya zile nguzo, akamshika Natalia mkono.

"Mkono wako umekuwa mgumu," akasema.

Natalia aliubana wa mzee. Hakuuachia.

"Niachie basi, mama, nikale."

Walikula, wakanywa, wanawake wakaketi wakigusana mabega naye na kumtania kwamba kumbe alikuwa amenenepa kwa kula peke yake. Walishuka kabla Halfani hajarudi. Kiangazi kilipoingia, kina Tluway, ambao mifugo yao haikupata pa kulala katika mstari, waliteremka nayo Yaeda Chini. Mzee aliaga mlangoni, kisha akaingia akaagia ndani. Hakurudi tena.

Kigango, kwa upande wake, hakikuweza kunyamaza. Jumapili iliyofuata sherehe ile Didas alitangaza kwamba Natalia ameshiriki matambiko ya kipagani na kwa hiyo ametengwa na jumuiya mpaka atakapofanya toba. Kwa kuwa Natalia hakuwepo ibadani, ilibidi mtu atumwe kumpasha habari. Alitumwa Filomena.

Filomena alibisha hodi, akaingia, akaketi kwenye kigoda, akamshusha mtoto sakafuni.

"Nimetumwa kukuambia tumekutenga," alisema.

"Nashukuru kuambiwa. Utakunywa chai?"

Alikunywa vikombe viwili. Mtoto akatambaa mpaka kwa Natalia na kumshika kidole. Baada yake alikuja Didas, kwa ajili ya kusisitiza, akala ugali. Kisha akina mama wa kigango wakapanga kwamba kila Alhamisi watakuja kundi zima kumshauri arudi kundini. Waliingia wote, wakajaza nyumba, wakala makande, wakamwambia kuhusu moto wa milele na kuhusu bei ya sukari. Hakuna aliyeeleza kwa nini mlango ulioogopwa mwaka mzima ulikuwa sasa unaingilika. Inawezekana walihitaji tu sababu ya kuingia. Inawezekana pia kwamba kondoo wa Tluway alifanya kazi bila kubagua dini.

"Umefikiria, Natalia?" waliuliza kila Alhamisi, wakinawa mikono.

"Bado nafikiria."

Hakuwa amefikiria hata kidogo. Alikuwa amehesabu visahani.

Alifikiria hivyo kwa miaka mitano. Katika miaka hiyo nyumba yake ilikuwa na wageni wengi kuliko ya mwenyekiti, na wakubwa wa wilaya walipopita siku ya Alhamisi walionyeshwa nyumba hiyo kwa kidole kama mfano wa umoja. Kisha naye akaanza kukohoa, kikohozi kilekile cha Amnaay, na akaona kwamba asiyetubu huzikwa na watu wachache. Alitaka kuzikwa na wengi. Pasaka ya mwaka 1980 alitubu mbele ya padre. Kigango kilimshangilia mpaka kengele ikapigwa mara ya pili, Filomena alilia, na Didas akamsogeza kutoka benchi la nyuma mpaka la tatu.

Alhamisi iliyofuata Natalia alipika makande kwenye sufuria kubwa. Akina mama walipita mbele ya mlango wake, wakamsalimu vizuri sana, wakaendelea mpaka nyumba ya tano, ambako kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa ametengwa kwa kuoa mke wa pili.