Orodha ya Waliokataliwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kana kwamba ni redio ya sebuleni. Ilikuwa ofisi ya kumbukumbu za mifugo ya chama kimoja cha wafugaji hapa Eldoret. Nilikuwa nimetoka upande wa Bungoma na cheti cha kupiga chapa na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Nilidhani nimeajiriwa kuandika barua. Kisha Mkuu wa Takwimu, mwanamume mrefu aliyevaa sweta hata jua likiwaka, akaja kusimama nyuma yangu.

"Madam, unajua kupika ugali?"

"Najua, sir."

"Hebu nieleze."

Nikaanza: unachemsha maji, unaweka unga, unasonga. Akanikatiza kwa mkono.

"Hizo ni hatua. Kompyuta zingine zinataka hatua. Hii yetu unaiambia tu ugali ni nini, halafu inajitafutia yenyewe."

Nilimwona mtu wa ajabu. Lakini ndivyo nilivyoingia katika kuandika programu kwa lugha ya mantiki, ile iitwayo Prolog, na sikutoka humo mpaka nilipostaafu. Kazi yenyewe inaanza kwa kuandika mambo unayoyajua: ng'ombe huyu ni mtoto wa yule. Halafu unaandika kanuni: ng'ombe wawili ni ndugu ikiwa mama yao ni mmoja. Ukishamaliza unauliza swali, na mashine inakujibu ndiyo au hapana, au inakutajia majina. Sisi tuliitumia kuhakikisha kwamba fahali hapandishwi kwa binti yake mwenyewe, jambo ambalo fahali hajali hata kidogo.

Kilichonikosesha utulivu, kwa uzuri, ni kanuni zinazopokea kanuni nyingine. Kanuni ya kawaida huzungumzia ng'ombe. Hii ya juu zaidi unaikabidhi kanuni na orodha, nayo inapita kwa kila aliye kwenye orodha, kama mwalimu wa zamu anayepita dawati kwa dawati na swali alilopewa na mwalimu mkuu. Swali likibadilika, mwalimu ni yuleyule. Ofisini tulizipa majina yetu. Ya kwanza tuliiita Pita-Wote: inakubali tu ikiwa kila mmoja kwenye orodha ametimiza kanuni. Ya pili ni Chuja: inakurudishia waliotimiza peke yao. Ya tatu ni Gawa, na hiyo nitaifikia.

Mkuu wa Takwimu alinifundisha Pita-Wote kwa majina ya watu wa ofisi. Tuliandika orodha ya wafanyakazi tisa na kanuni moja: anakunywa chai yenye sukari. Tukauliza kama wote wametimiza. Mashine ikajibu hapana.

"Ni nani hanywi?" nikauliza.

"Hiyo haujauliza," akasema, akaenda zake kunywa chai yake isiyo na sukari.

Nilicheka siku nzima. Jioni nilirudi nyumbani mtaa wa Pioneer nikiwa bado najiuliza mashine inawezaje kujua kwamba kuna mtu mmoja hafai, kisha ikanyamaza bila kumtaja. Ningelishika swali hilo vizuri, mengine yasingetokea.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa kituo cha Soy, chini ya Daktari wa Mifugo. Huyu alikuwa mtu wa haraka, alikula akiwa amesimama. Kazi yangu ilikuwa kutoa orodha ya ng'ombe wa kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Fomu ziliporudi kutoka mashambani nilizilinganisha na daftari la uzazi, kila ng'ombe kwa namba ya hereni yake ya sikioni. Dawa ilipakiwa kwenye sanduku la baridi kulingana na orodha yangu, dozi kwa dozi. Ng'ombe ambaye hakuwa kwenye orodha hakuwa na sindano yake.

Kabla ya kutoa orodha niliandika kanuni ya kukagua. Sharti lake mojawapo lilisema kwamba ng'ombe sahihi ana mwenyewe mmoja. Sikufikiria mara mbili. Kwetu ng'ombe akiwa zizini mwako ni wako, na akiwa na majina mawili kuna mtu ameiba au karani amelala.

Nikaikabidhi Pita-Wote kanuni hiyo na orodha ya Soy nzima. Hapana. Nikaangalia fomu, nikarekebisha namba zilizokosewa, nikauliza tena. Hapana. Nje, Daktari alikuwa amewasha gari la kwenda kwenye dipu, josho la ng'ombe ambako chanjo ilitolewa.

"Madam, watu wako kwa dipu tangu asubuhi. Hiyo mashine imesema nini?"

"Imekataa, Daktari."

"Imekataa nani?"

"Imekataa wote."

"Wote wamekosea? Soy nzima?"

Niliona aibu. Basi nikafanya kitu kilichonichukua muda mfupi kuliko kufungua soda. Nilifuta Pita-Wote nikaweka Chuja. Papo hapo orodha ikatoka, ndefu, safi, kila ng'ombe na mwenyewe wake mmoja. Daktari akaikunja akaiweka mfukoni, akaniambia nimemwokoa. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuficha. Mzunguko uliofuata wa chanjo nilianza na Chuja moja kwa moja.

Kabla ya mzunguko wa tatu, ugonjwa uliingia. Siku moja alikuja ofisini mama mmoja mjane wa pale karibu, Mama Jerono, akiwa na barua ya chama mkononi. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Hii inasema sikuleta ng'ombe kwa chanjo. Mimi nilileta. Nilileta mara mbili. Kijana wa sindano akaangalia karatasi akaniambia jina haiko, nirudi."

Ng'ombe alikuwa mgonjwa, na ndama wake alikuwa amekufa. Lakini alichonieleza baadaye, akiwa amekubali kukaa, kilikuwa kizito zaidi. Ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa Mzee Kirwa, rafiki ya marehemu mume wake, aliyemweka kwake kwa desturi yao ya kuwekeana ng'ombe, wanayoiita kimanagan. Anayetunza hunywa maziwa, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Familia hizo mbili zilikuwa zimeaminiana hivyo tangu wakati wa baba zao. Sasa Mzee Kirwa alikuwa na nakala ya ile barua, na alikuwa amesema atakuja kumchukua ng'ombe wake, kwa sababu mtu anayekaa nyumbani siku ya chanjo hajui thamani ya mali ya mwenzake.

"Maziwa nitapata mahali pengine," alisema. "Lakini nitaambia watu nini?"

Nikafungua fomu yake. Jina la Mama Jerono. Nikafungua daftari la uzazi. Jina la Mzee Kirwa. Majina mawili, hereni moja. Haikuwa Soy iliyokosea, wala makarani, wala kompyuta. Kompyuta ilikuwa imefanya nilichoiambia, neno kwa neno.

Nilimpigia simu Meneja wa chama mjini Eldoret nikamweleza. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kuukataa.

"Sikiza, dada. Barua tayari imetoka. Acha ikae hivyo. Ukianza kusema programu iliruka watu, tutafunga hii ofisi, na wewe ndio wa kwanza kwenda nyumbani."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilijua kibarua changu kinaweza kuota nyasi kwa sentensi moja. Niliogopa, na nakiri kwamba asubuhi nzima nilikusudia kunyamaza. Kilichonitoa kitini si ushujaa. Ni kwamba Mama Jerono alikuwa bado amekaa pale kwenye benchi nje, na kila nilipoinua macho nilimwona akiisoma tena ile barua, kana kwamba huenda safari hii itasema kitu kingine.

Tulienda wote wawili kwa Mzee Kirwa. Tulimkuta akirekebisha ua. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: kanuni, Chuja, sharti langu la mwenyewe mmoja. Nilitarajia anifokee. Badala yake aliniangalia kwa udadisi kama wangu mwenyewe.

"Mwenyewe mmoja?" akauliza. "Sasa mtu anaweka ng'ombe yake yote boma moja? Ugonjwa ikiingia si unabaki na kamba mkononi?"

Wazee wao walikuwa wametawanya mifugo ili ugonjwa usimalize kila kitu, na kanuni yangu ilikuwa imewaacha bila chanjo walewale waliotawanywa.

"Na wale mashine yako ilikataa," akaendelea, "listi yao iko wapi?"

"Haipo, Mzee. Chuja inatoa waliopita tu."

"Haipo?"

"Haipo."

Alitikisa kichwa, akamgeukia Mama Jerono, akaongea naye kwa lugha yao kwa muda mrefu. Sikuelewa maneno. Nilimwona akivua kofia. Ng'ombe alibaki kwa Mama Jerono, akapona, ingawa maziwa hayakurudi kama zamani.

Sikufukuzwa. Niliandikiwa onyo, nikarudishwa Eldoret. Juma hilohilo nilifuta Chuja nikaweka Gawa. Gawa inapokea kanuni na orodha, inatoa orodha mbili: waliotimiza na wasiotimiza. Mashine inafanya kazi ileile, ila haitupi mtu. Nikaagiza orodha ya pili ichapishwe kwanza, na karani asome kila jina na kuuliza sababu kabla dawa haijapakiwa. Niliendelea hivyo mpaka nikawa Mkuu wa Kumbukumbu, mpaka nikastaafu na kuhamia Kimumu, ambako kuku wangu hawafuati kanuni yoyote.

Vijana wanaonitembelea huniuliza kama najuta. Kwa Mama Jerono sijuti tena, kwa sababu alikuja mwenyewe na barua yake, na nilipata nafasi ya kusema. Lakini nilikuwa nimechuja mizunguko miwili. Niliporudi kutafuta wengine, orodha za kwanza zilikuwa zimefutika kompyutani, nyingine zimeandikwa juu yake, na fomu zilikuwa zimelowa zikaoza chini ya paa linalovuja. Sijui walikuwa wangapi. Siku ya soko nikienda Soy kununua viazi, hutokea mama akanisalimia kwa furaha, akauliza hali ya watoto, akaniongezea kiazi kimoja juu. Nami hutamani kumuuliza kama aliwahi kurudishwa kutoka kwenye dipu akiwa na ng'ombe wa mtu aliyewekewa. Bado sijamuuliza hata mmoja.