Mgongo wa Dobi

Mtaani wanamwita Kasuku, kwa sababu kazi yake ni kuwasemea wengine. Shangazi yangu hutia sauti za Kiswahili katika tamthilia za kigeni: leo malkia, kesho mtoto anayelia. Hukaa katika chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro ukutani, macho yake yakifuata mdomo wa mwigizaji. Mdomo ukifunguka anasema, ukifungika ananyamaza.

Safari hii ilikuwa tamthilia ambayo mtaa mzima uliifuata. Daktari anarudi miaka ya nyuma ili azuie tauni isianze. Katika sehemu ya mwisho anampata mtu wa kwanza kuugua, mwanamke dobi, na kumpiga risasi. Dunia inapona. Sauti ya dobi ni ya shangazi.

"Kabla hujafa unaomba msamaha," muongozaji alimwelekeza. "Kinyonge. 'Nisameheni, mimi ndiye niliyewaletea kifo.'"

Maneno hayo shangazi aliyajua. Miaka iliyopita, ugonjwa wa kuambukiza ulipoingia mtaani kwetu, bibi yangu, yaani mama yake shangazi, alimwosha na kumlisha mpangaji wake ambaye ndugu na majirani walimkimbia. Alipougua yeye, majirani walisema ndiye aliyeyaleta maradhi. Fundi viatu wa jirani alichukua misumari akaupigilia mlango kwa nje. Bibi alifia ndani akiomba maji, na shangazi ameshikwa mikono na majirani barabarani asiende kumfungulia. Mpaka leo wanamtaja bibi kuwa ni "yule aliyetumaliza".

"Hapa dobi ametupa mgongo," shangazi alisema. "Mdomo hauonekani."

"Ndiyo, rahisi kabisa. Haya, twende."

Mdomo usipoonekana, neno lolote linaenea. Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka.

"Nilimwosha mgonjwa mliyemkimbia. Kosa langu liko wapi?" shangazi alisema kwa sauti ya dobi.

Muongozaji alirusha kalamu. "We Kasuku! Soma ulichoandikiwa!"

"Sisomi."

"Inarushwa jioni hii!"

"Basi irushe hivyo hivyo. Au dobi wako afe bubu."

"Ukitoka humo usirudi tena!"

"Nirudi kufuata nini? Magodoro yenu yenyewe yananuka panya."

Jioni watu walijazana kibandani kwa fundi viatu yule yule, mbele ya televisheni yake. Shangazi alisimama mlangoni, hajui kama maneno yake yameachwa yalivyo au ameitwa mwingine ayafute. Kwenye televisheni dobi akageukia dirisha, akawapa watazamaji mgongo.

"Nilimwosha mgonjwa mliyemkimbia..."

Fundi aliitambua sauti. Akanyakua rimoti na kuizima televisheni.

"Aa, mzee, washa bwana!" mtu alilalamika.

"Haina haja," shangazi alisema, akapita katikati yao hadi mbele ya fundi. "Mimi mwenyewe nipo. Kosa la mama yangu lilikuwa wapi?"

Fundi aliinama, akaokota kiatu, akaanza kutafuta nyundo.

"Weka kiatu chini," shangazi alisema. "Nakutazama mdomo."