Kikapu Ambacho Sikukipekua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni, nikaonyeshwa kitanda, nikaambiwa nikitandike. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sikuwa nimewahi kutandika kitanda chochote. Nyumbani kazi hiyo ilikuwa ya mama, na baadaye ikawa ya mke wangu. Hoteli ilikuwa nje kidogo ya mji wa Nyeri, mlima ukiwa mbele yake. Wageni walivuka bahari kuja kuuona. Mimi niliuona kila asubuhi nikipiga mswaki, na mpaka leo sijaupanda. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kwenda Karatina kwangu ni safari.

Mkuu wetu alikuwa hauskipa, yaani mama anayesimamia vyumba vyote. Alitufundisha kona ya bahasha: shuka inakunjwa pembeni kama bahasha ya barua, kisha inasukumwa chini ya godoro mpaka mgeni apigane nayo ndipo aingie kitandani. Aliangalia kitanda changu cha kwanza, akaniangalia mimi.

"Kariuki, hii ni kitanda ama ni kiota ya kuku?"

Nilipanda polepole: vyumba vya chini, dobi, vyumba vya juu, halafu msimamizi wa ghorofa. Hapo ndipo nilipokwama, na sikulalamika. Kwa sababu ya baridi yetu, kila jioni tuliweka kitandani chupa ya mpira yenye maji moto, imevishwa mfuko wa sufu. Asubuhi nilizikusanya mwenyewe, nikamwaga maji, nikatundika chupa, na mifuko nikaitupa kikapuni. Mifuko ilifuliwa mara chache tu, maana sufu ikifuliwa sana hurudi ikimtosha mtoto.

Chini yangu alikuwepo Wangechi, msichana wa Mukurweini mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Baba Nyambura," alikuwa akiniambia mbele ya wenzetu, "hapa unatandika kama daktari, na nyumbani Mama Nyambura anakutandikia kama mtoto!" Nilicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Asubuhi moja mgeni mmoja, mama wa makamo, alisema pete yake ya ndoa haionekani. Chumba kilikuwa cha Wangechi. Sheria yetu ilikuwa kwamba msimamizi anapekua chumba pamoja na kila kitu kilichotolewa humo asubuhi, kisha anatia sahihi. Nilivua kitanda mpaka mbao. Nilipangusa chini ya zulia, nikamwaga takataka kwenye gazeti. Kikapu cha mifuko kilikuwa kimeshapelekwa stoo, ng'ambo ya uwanja. Nje kulikuwa na mvua.

"Umepekua kila kitu?" Meneja aliuliza.

"Kila kitu," nikasema, nikatia sahihi.

Wangechi alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Alinikuta kwenye ngazi akiwa na nguo zake kwenye mfuko wa karatasi.

"Baba Nyambura, si uwaambie mimi si mwizi?"

"Nenda tu nyumbani," nikamwambia. "Mambo yatatulia."

Yalitulia kweli. Miezi miwili baadaye, wageni walipopungua, tulifua mifuko yote. Niligeuza mmoja nje ndani, kitu kikagonga beseni. Ilikuwa ile pete. Nadhani yule mama aliivua akiwa kitandani, akaitia mle isipotee, akasahau. Na mimi ndiye niliyeitoa chumbani kwa mikono yangu.

Niliipeleka kwa Meneja. Aliigeuza kidoleni kama anayetaka kuinunua.

"Hii tutamtumia mwenyewe."

"Na Wangechi?"

"Tukimrudisha, ni kusema hoteli ilikosea. Na sahihi iliyo hapa ni ya nani, mzee?" Akaitia pete kwenye bahasha. "Umebakisha miaka ngapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Basi imalize vizuri."

Niliimaliza vizuri. Sijawahi kukunja kona safi kama za miaka ile mitatu. Siku ya kustaafu nilipewa blanketi, na Meneja mwenyewe akanisifu kwa uaminifu mbele ya watu. Nilipiga makofi pamoja nao.

Vijana mnaoanza kazi hii, mtafundishwa kutabasamu na kubisha mlango mara mbili. Mimi nawaambia tu kwamba sahihi yako inaweza kumfukuza mtu.

Mwezi uliopita hatimaye nilikwenda Mukurweini. Wangechi alikuwa akimkatia ng'ombe majani.

"Ati Baba Nyambura ametoka nyumbani! Nani amekufa?"

Nilimwambia yote: kikapu, mvua, pete, miaka mitatu. Aliendelea kukata majani.

"Mama yangu ndiye amekufa," akasema. "Mwaka jana. Nilipofukuzwa alinipeleka kwa pasta niombewe niache wizi. Nikapiga magoti mbele ya kanisa nzima, nikaombewa. Ningefanya nini?"

Akanyoosha panga kuelekea juu ya kilima.

"Kanisa ni ile ya mabati hapo juu. Ukuje Jumapili, usimame, uwaambie vile umeniambia."

Nikamwahidi nitakuja.

Jumapili tatu zimepita. Kila Jumamosi mke wangu ananipigia shati pasi, na kila Jumatatu analirudisha kabatini bila kuuliza. Kesho ni Jumamosi.